Kamera Isimame Wapi?

Mwezi uliopita nilikaa na rafiki yangu mpiga picha tukijaribu kuigeuza hadithi yangu fupi iwe video ya dakika nne. Hadithi ina kurasa sita na karibu yote ni ya kweli: siku aliyozikwa baba, kwetu Tanga, mimi nina miaka tisa, nimekaa ndani na mama na wanawake wengine. Maziko hatukuyaona. Tuliyasikia. Wanaume wanaitana barazani, viatu vinatafutwa mlangoni, jeneza linainuliwa, tahalili inakwenda ikipungua mpaka kona ya msikiti. Kisha kimya. Kwangu mimi hadithi nzima ni kimya kile.

Rafiki yangu akaniambia, "Dada, siku hizi mtu haumizi kichwa. Tuipe akili mnemba itupangie shoti." Basi tukaipa. Tukabandika kurasa zote sita, na haikupita dakika tukapata shoti 22, kila moja na namba yake, umbali wa kamera, mwendo wake, sekunde zake na mchoro wake.

Nianze na haki yake. Programu ile ilinikamata pazuri: ukurasa wa pili nimeandika jua la asubuhi, ukurasa wa nne kivuli cha alasiri, na kati yake hakuna kilichopita ila mtu kunywa maji. Ilipanga pia shoti zote za dirishani zipigwe kwa mkupuo mmoja ili tusihamishe taa mara tatu. Kwa watu wawili wenye taa mbili na kamera ya kuazima, huo si msaada mdogo.

Sasa tazama shoti zenyewe. Ya kwanza: droni juu ya minazi na bahari. Ya 9: uso wa mama karibu kabisa, chozi linateremka. Ya 17: makaburini, mvua inanyesha, mama amesimama ukingoni mwa kaburi, gauni jeusi, ua moja mkononi. Jamani! Mjane wa kwetu, aliyekwisha kuingia edani, amefuata nini makaburini na ua? Yale ni mazishi ya filamu za Marekani, na mama yangu kavishwa tu.

Kosa la mila lilikuwa jepesi. Tuliandika kwamba kwetu wanawake hawaendi maziko. Ikaomba radhi, ikaleta mpango mpya. Safari hii mama kabaki nyumbani, ila kamera imekwenda makaburini peke yake! Hapo ndipo nilipoelewa tunabishana nini. Msomaji wa hadithi huuliza: nani anaona, na nani hakuruhusiwa kuona? Programu iliuliza: kuna nini cha kuonyesha? Kila nilipokaa kimya iliona pengo, ikaliziba kwa picha. Lakini pengo lile ndilo kisa chenyewe.

Nilikuwa tayari kuandika makala ya hasira. Rafiki yangu akanizuia. "Soma ukurasa wa tano," akasema. Nikasoma. Nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu, namna udongo mwekundu ulivyodondoka kaburini. Mtoto wa miaka tisa aliyefungiwa chumbani kauona wapi? Nilitaka sentensi nzuri, nikatoka nje ya nyumba bila kujijua. Programu ilinifuata mimi. Hadithi hii imesomwa na watu kadhaa kabla ya kutoka, na hakuna aliyeliona kosa hilo. Mpango mbaya wa shoti ndio ulionionyesha.

Nimekuwa nikimfikiria Satyajit Ray. Pather Panchali (1955), iliyotokana na riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, hakuipiga kwa skripti kamili ya kawaida. Alikuwa na michoro na maelezo mafupi. Na miaka ya 1940 alishachora picha za toleo fupi la riwaya hiyohiyo kwa ajili ya watoto. Kwa maneno mengine, kuchora kwake kulikuwa ni kusoma. Walipoanza kupiga tukio la watoto wawili wanaokwenda kuona treni, walipata shamba la maua meupe ya kaash. Waliporudi wiki iliyofuata, ng'ombe walikuwa wameyala yote. Ray akasubiri msimu mwingine. Mtu anayejua kwa nini anaitaka picha fulani anaweza kuingojea. Mimi shoti zangu 22 nisingezingojea hata siku moja, maana sikujua zimetoka wapi.

Jioni ile nilimwonyesha mama michoro kwenye simu. Alipofika ya 17 akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiyo, mama. Kompyuta imekosea."

"Mimi huko nilikwenda lini, mwanangu?" Akanyamaza kidogo. "Ningekwenda, ningekwenda."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo. Miaka yote nilidhani mlango ule ulikuwa umefungwa kwangu tu.

Tumefuta udongo mwekundu. Tumepanga upya kwa penseli, na kanuni moja: kamera haivuki kizingiti. Zimebaki shoti saba, na ya mwisho ni mlango tu, na sauti inayopungua. Ile orodha ya taa na saa za jua tumeibakiza kama ilivyo, kwa sababu ni nzuri.

Wapo waandishi watakaosema zana hizi zisiguswe. Mimi sisemi hivyo. Nasema usiipe hadithi yako kabla hujajua kamera yako imekatazwa kuingia wapi, kwa sababu yenyewe itaingia kila mahali, na picha zitakuwa nzuri, na huenda usigundue kwamba umeshamtoa mama yako nje.