Mabango ya madaktari wa ngozi: maneno ya mgonjwa yamekwenda wapi?



Msimu wa ikisiri umeshafika tena. Kila ukifika, vijana wetu madaktari, walioko nyumbani, walioko Muscat na walioko huku Uingereza, wananitumia rasimu za mabango yao ya utafiti kwa ajili ya mikutano ya madaktari wa ngozi. "Mwalimu, hebu tupia jicho lugha." Mie si daktari. Kazi yangu ni lugha, na kwa miaka mingi nimekuwa mkalimani katika hospitali za huku. Lakini mtu akishapitia rasimu nyingi za aina moja anaanza kuzisoma kama mhakiki anavyosoma utanzu wowote. Anaona mtindo wake, kanuni zake, na makosa yanayojirudia kutoka kwa mwandishi huyu hadi yule.

Basi leo nayahakiki. Hoja yangu ni moja tu. Bango lililotokana na wagonjwa wanaosema Kiswahili, lakini halisemi wagonjwa hao waliulizwa nini kwa Kiswahili, ni utafiti ambao haujakamilika. Na hasara haimwangukii mwandishi, ambaye jina lake limeshachapishwa. Inamwangukia mgonjwa.

Kwa wasioijua shughuli hii nieleze kidogo. Mkutano mkubwa hauwezi kumpandisha kila mtu jukwaani, kwa hiyo walio wengi wanawasilisha kwa bango. Kwanza unapeleka ikisiri kwa intaneti, maneno mia mbili tatu hivi, yaliyogawanywa katika usuli, mbinu, matokeo na hitimisho. Kwa kawaida majina yanafichwa na wapimaji wanatoa alama. Ikikubaliwa, ndipo unapotengeneza bango lenyewe. Zamani lilikuwa karatasi ya A0, milimita 841 kwa 1,189, unaibeba uwanja wa ndege imeviringwa kama mkeka. Siku hizi mikutano mingi inataka faili la kuonyeshwa kwenye skrini. Na mara nyingi usipolipa ada ya kuhudhuria, ikisiri yako inaondolewa.

Nisieleweke vibaya, siyadharau mabango. Kongamano la Dunia la Madaktari wa Ngozi lilianza Paris mwaka 1889, na la Singapore la 2023 lilikuwa la 25. Mara zote hizo 25, halijawahi kufanyika Afrika hata mara moja, na la 2027 limepangiwa Guadalajara, Mexico. Sasa mfikirie daktari kijana wa Moshi, pale KCMC, ambako tangu 1992 kuna kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Huyu akitaka kusikika duniani, bango ndilo mlango wake. Akinyimwa viza, pengine bango litafika hata kama yeye hakufika. Kwa sababu hiyo hiyo nasema lisiende nusu nusu.

Tuanze na neno upele. Katika rasimu za Kiingereza mara kwa mara nakuta sentensi ya kwamba wagonjwa waliulizwa kama wana ugonjwa ule unaoletwa na mdudu mdogo anayechimba chini ya ngozi. Namwuliza mwandishi: mliwauliza vipi? Ananijibu: "Tuliuliza, una upele?" Jamani! Upele kweli ni jina la ugonjwa huo. Lakini upele vilevile ni umoja wa pele, na mtu aliyetokwa na vipele vya joto, vya mzio au vya kuumwa na mbu atakujibu ndiyo bila ya kusema uongo. Ukurutu nao kwa mmoja ni huu, kwa mwengine ni ule. Mba kwa mmoja ni ukoga wa kichwani, kwa mwengine ni madoa ya kifuani na shingoni. Na funza ni yule anayeingia kwenye kidole cha mguu, lakini pia ni buu yeyote. Msomaji wa Singapore haoni lolote katika haya. Anaona neno moja la kitaalamu na asilimia mbele yake, anaamini.

Kuna neno jengine gumu zaidi, nalo ni kuwasha. Upele unawasha. Pilipili nayo inawasha. Yaani kitenzi kimoja kinabeba ule mwasho unaokufanya ujikune na ule mchomo unaokufanya upulize. Kwa daktari wa ngozi hivi ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo inaweza kumwonyesha kama hili ni suala la mdudu wa upele au la mkanda wa jeshi. Mgonjwa mwenyewe anajua fika tofauti iliyopo. Muulize, "Inakuwasha mpaka unajikuna, au inachoma kama moto?" atakwambia. Lakini ukimwuliza "inawasha?" peke yake, jibu lake halikupi kitu.

Wengine watasema huu ni udogo wa walimu wa lugha. Sivyo. Vigezo vya kimataifa vya kutambua upele, vilivyokubaliwa na wataalamu na kuchapishwa kikamilifu mwaka 2020, vinategemea sana mambo mawili ya kuulizwa kwa mdomo: mgonjwa anawashwa? na yupo mtu wa karibu naye anayewashwa? Darubini vijijini ni adimu, kwa hiyo pale swali ndiyo chombo cha kupimia. Tena mashauriano ya WHO yaliyofanyika Manila mwaka 2019 yalipendekeza kwamba jamii yenye upele kwa asilimia 10 au zaidi igawiwe dawa watu wote kwa pamoja. Angalia basi uzito wa neno. Swali baya linaweza kukisukuma kijiji juu ya mstari huo, kikapewa dawa ambazo kijiji jirani kilikuwa kinazihitaji zaidi. Au likakishusha chini, na watoto wakaendelea kujikuna usiku kucha mpaka vidonda vikaoza. Mtafiti anayetaja aina ya darubini aliyotumia lakini hataji swali aliloliuliza, ameficha nusu ya chombo chake.

Kasoro ya pili ni ya rangi. Ikisiri nyingi zinapima ukali wa maradhi kwa vipimo ambavyo wekundu wa ngozi ni sehemu ya alama. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani mwekundu. Unaonekana wa zambarau, wa kijivu, au ngozi inazidi weusi tu. Hili si jambo la kubahatisha. Ben-Gashir na Hay walichapisha mwaka 2002 utafiti wa watoto wa London wenye pumu ya ngozi. Walipoondoa athari ya kipimo cha wekundu katika hesabu, watoto weusi walionekana kuwa na uwezekano wa karibu mara sita zaidi wa kuwa na maradhi makali kuliko wenzao weupe. Yaani ukali ulikuwepo siku zote, ila kipimo hakikuuona.

Ajabu ni kwamba hata mabango ya kina sisi yanaendelea kuandika wekundu bila ya neno la tahadhari, halafu pembeni yanaongeza "aina ya VI ya Fitzpatrick" kana kwamba hilo limemaliza suala. Fitzpatrick alipopanga ngazi zake mwaka 1975 alikuwa na aina nne tu, za ngozi nyeupe, na alitaka kujua nani ataungua na nani atabadilika rangi akipigwa na mwanga wa tiba. Aina ya V na VI ziliongezwa baadaye. Hicho ni kipimo cha kuungua na jua. Hakikutungwa kueleza rangi ya mtu.

Hapa wafasiri wanaingia. Vipeperushi vingi vya Kiswahili vinamwambia mgonjwa "rudi hospitali ukiona wekundu". Mama wa watu anamkagua mtoto wake asubuhi na jioni, wekundu haoni, harudi. Lakini ukimwuliza kwa lugha yake anakwambia: panawaka moto, pamevimba, ngozi imekakamaa, pamekuwa peusi kuliko jana. Hayo maneno manne ni maelezo mazuri kuliko yale yaliyomo kwenye kipeperushi, na kwa maoni yangu yanafaa kuwekwa kwenye bango, katika sehemu ya matokeo khasa, maana yamepatikana kwa mgonjwa kama vile damu ilivyopatikana kwake.

Na picha je? Mwaka 2018 Louie na Wilkes walihesabu picha katika vitabu vinne vinavyotumika kufundishia udaktari Marekani, wakakuta zenye ngozi nyeusi hazifiki hata asilimia 5. Mwaka 2020 Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari London, alishirikiana na walimu wake wawili wakatoa kijitabu cha dalili za maradhi kwenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo daktari wetu anayepeleka picha nzuri ya mapunye kwenye kichwa cha mtoto wa Kiafrika anajaza pengo la kweli. Sifa hiyo nampa kwa mikono miwili.

Lakini picha hiyo ina mwenyewe. Sisi watu wa lugha tunajua kwamba idhini na ridhaa hazilingani. Idhini ni ruhusa, na inaweza kutolewa kwa shingo upande. Ridhaa inatoka moyoni, na moyo hauridhii jambo usilolielewa. Fomu nyingi nilizoletwa kuzifasiri zinachanganya ruhusa ya kutibiwa, ya kupigwa picha na ya kuchapishwa, kisha sahihi moja chini. Mgonjwa anadhani amekubali picha ikae kwenye faili lake. Hajui kwamba mgongo wake utaonekana kwenye skrini huko ng'ambo, na kisha kwenye intaneti maisha. Kwa mwenye ukoma, ambaye pengine jirani zake hawajui, au kwa mtoto mwenye ualbino, hilo si dogo. Sentensi tatu za Kiswahili zinatosha: itaonyeshwa wapi, nani ataiona, na ukikataa matibabu yako hayatabadilika.

Sasa majibu ninayopewa. La kwanza: "Mwalimu, nafasi haitoshi." Haitoshi kwenye ikisiri, nakubali, ingawa hata humo swali moja la Kiswahili ni maneno sita saba. Kwenye bango lenyewe nafasi ipo tele, inaliwa na nembo na majedwali yasiyosomwa. Mwaka 2019 Mike Morrison, mwanafunzi wa saikolojia Marekani, alisambaza video akishauri bango liwe na jambo moja kubwa katikati kwa lugha nyepesi, na mengine yakae pembeni. Unaweza kumpinga kwa mengi, lakini alionyesha kwamba uhaba wa nafasi mara nyingi ni uhaba wa kuchagua.

Jibu la pili: "Wapimaji hawajui Kiswahili." Kweli. Lakini na Kilatini je, wanakizungumza nyumbani kwao? Mapunye yanaandikwa kwa Kilatini katika kila mkutano na hakuna aliyelalamika. Weka swali kwa Kiswahili, weka tafsiri yake pembeni, mpimaji ataona kwamba mtafiti huyu anajua alichokipima. Sidhani atakupunguzia alama.

Jibu la tatu ndilo lenye haki zaidi: "Mwalimu, kliniki ina watu mia wananisubiri, muda wa hayo yote siupati." Hili silipuuzi. Ndiyo maana nasema mzigo huu si wa daktari peke yake. Humu ndani tumo wanaisimu, wafasiri, watunga kamusi, walimu wa vyuo. Tumejadili asili ya neno "barasi" wiki tatu nzima. Hatushindwi kukaa siku mbili tukatengeneza orodha ya maswali thelathini ya maradhi ya ngozi, yaliyojaribiwa kwa wasemaji wa Unguja, Mombasa, Tabora na Lubumbashi, ili daktari ayachukue yalivyo. Wataalamu wa ngozi ninao watatu walio tayari kuyapitia.

Na wakati ndio huu. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyafanya maradhi ya ngozi kuwa jambo la kipaumbele kwa afya ya dunia. Azimio kama hilo kwa kawaida huvuta takwimu, na hizo takwimu zitatoka kwa watu wetu. Ukoma dawa yake inatolewa bure na WHO tangu 1995, lakini mgonjwa anayefika na baka lisilo na hisia akaambiwa "hiyo mba tu" haipati hiyo dawa mapema, na vidole havimsubiri.

La mwisho, dogo. Bango likisharudi kutoka mkutanoni, lifasiriwe ukurasa mmoja, libandikwe ukutani kwenye kliniki ile ile lilikotoka. Waliojibu maswali wana haki ya kusoma majibu.

Anayetaka kushiriki katika orodha ya maswali aniandikie kabla ya mwisho wa mwezi. Na mwenye hoja ya kunipinga, khasa kama ni daktari, aje tupingane.

Nawasilisha.