Sura au Mlango? Uhakiki wa Istilahi za Mgawanyo wa Mafaili ya Sauti na Picha

Katika kazi ya kuunda istilahi liko kosa moja linalorudiwa mara nyingi, nalo ni kutafuta neno kabla ya kuitazama dhana. Mfasiri hukutana na neno la kigeni, hulitafutia mwenzake katika Kiswahili, na akiisha kumpata huona kazi imekwisha. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha, kwa mfano mmoja mdogo, jinsi njia hiyo inavyoweza kutupoteza. Mfano wenyewe unahusu mafaili ya sauti na picha yanayohifadhiwa katika kompyuta, na jinsi programu inavyosoma habari za mgawanyo wa mafaili hayo.

Faili la sauti la saa mbili laweza kubeba ndani yake, pamoja na sauti yenyewe, orodha ya vipande vyake: kila kipande kinaanza wapi, na kinaitwaje. Programu huisoma orodha hiyo na kumwonyesha msikilizaji, naye huchagua pa kwenda bila ya kusikiliza yote tangu mwanzo. Kazi yake ni ile ile ya ukurasa wa yaliyomo katika kitabu. Kila kipande cha orodha hiyo Waingereza hukiita kwa neno lile lile walitumialo kwa mgawanyo wa kitabu. Je, sisi tukiiteje?

Maneno manne hugombea nafasi hiyo: chapta, sehemu, mlango na sura. La kwanza twalisikia shuleni kila siku, wala hatulidharau. Lakini lugha hukopa kwa haja, na hapa haja haipo. La pili ni pana mno. Kila kitu kina sehemu. Tena katika muundo uitwao Matroska, ulioanzishwa mwaka 2002, yaliyomo yote ya faili hukaa ndani ya fungu moja kubwa ambalo jina lake la kigeni lingefasiriwa kwa urahisi kuwa sehemu. Basi tukikiita kipande kidogo jina hilo hilo, msomaji atashindwa kujua lipi ni fungu zima na lipi ni tawi lake.

Yamebaki mawili, na hapa ndipo penye mabishano. Watetezi wa mlango husema kwamba vitabu vingi vya zamani vilianza kwa maneno "Mlango wa Kwanza", na kwamba hata Kiarabu hutumia neno moja, bab, kwa mlango wa nyumba na kwa mgawanyo wa kitabu. Watetezi wa sura hujibu kwamba vitabu vya shule vimekwisha kulizoea neno lao. Wapinzani wa sura hudai kwamba neno hilo ni la uso wa mtu, tena ni la Kurani Tukufu. Wapinzani wa mlango nao huuliza kama faili lina bawaba. Mabishano ya namna hii hayaishi, kwa sababu kila upande unatetea neno, wala haukuuliza ni kitu gani hasa kilichoandikwa ndani ya faili.

Tulifungue faili basi. Katika mafaili ya MP3, nyongeza ya kanuni za ID3 iliyotolewa mwaka 2005 yataka kila kipande kiandikiwe wakati wa kuanza na wakati wa kumalizika. Katika mafaili ya Ogg mambo ni mengine: desturi iliyozoeleka ni kuandika wakati wa kuanza na jina, basi. Katika Matroska wakati wa kuanza ni wa lazima, bali wa kumalizika kwa kawaida ni wa hiari. Katika MP4 habari hizi zaweza kukaa mahali pawili tofauti, ama katika mkondo wa maandishi uendao sambamba na sauti, ama katika orodha ya pembeni isiyo na wakati wa kumalizika. Na programu ijuayo mahali pamoja tu yaweza kutangaza kwamba faili halina mgawanyo wowote, hali mgawanyo upo.

Ni dhahiri, kwa hiyo, kwamba neno moja la Kiingereza limezifunika dhana mbili. Dhana ya kwanza ni nukta: mahali pa kuingilia. Dhana ya pili ni eneo: lina mwanzo na lina mwisho, na kilicho nje yake si chake.

Pengine msomaji atauliza kama tofauti hii ina uzito wowote nje ya karakana ya mafundi. Tuchukue mfano wa Songea. Kila mwezi wa Februari hufanyika mjini humo kumbukumbu ya mashujaa wa Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambao miongoni mwao ni wazee wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani hapo Songea mwaka 1906. Tuseme mwalimu wa historia amerekodi mazungumzo ya saa mbili katika siku hizo. Ifikapo dakika 12 na sekunde 30 mzee mmoja anaanza kusimulia aliyoyapokea kwa babu yake, na anamaliza dakika ya 31. Kisha zinafuata dakika tisa za minong'ono, ambamo mtu asiyetajwa jina anasikika akimsahihisha mzee kuhusu nani alikamatwa na nani alikimbia. Dakika ya 40 anaanza msemaji wa pili.

Ikiwa faili linaandika mianzo tu, programu itafanyaje ili kuujua mwisho wa masimulizi ya mzee? Itakadiria. Programu mashuhuri ya FFmpeg hufanya hivyo hasa: mwisho usipoandikwa, huuchukua mwanzo wa kipande kinachofuata, au mwisho wa faili lote, ukawa ndio mwisho wa kipande hiki. Chombo chake cha uchunguzi, ffprobe, huchapa mwanzo na mwisho wa kila kipande bila ya kueleza kwamba mwisho huo uliandikwa na mtu au ulikadiriwa na mashine. Hivyo mtafiti atakayesoma matokeo ataona kwamba mzee alisema hadi dakika ya 40, na maneno ya mtu asiyejulikana yataingia katika ushahidi wa mzee. Mzee amesemeshwa asiyoyasema. Katika nchi ambayo sehemu kubwa ya historia yake imehifadhiwa vinywani mwa watu, jambo hili si dogo.

Hapa Kiswahili kina nafasi ambayo Kiingereza hakijaitumia. Maneno yetu mawili, yaliyokuwa yakigombana, kumbe hayagombani hata kidogo. Mlango ni mahali pa kuingilia. Haukuambii chumba kina urefu gani. Sura ya kitabu ina mwanzo na mwisho, na msomaji hujua alipoimaliza. Twapendekeza basi kwamba pale faili linapoandika mwanzo tu, tuseme mlango. Na pale linapoandika mwanzo na mwisho, tuseme sura. Programu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili ingeweza kumwambia mtumiaji: "Faili hili lina milango sita, mwisho wa kila mlango umekadiriwa." Sentensi hiyo moja ingemwokoa mtafiti wetu.

Ama kuhusu vipimo, yafaa tuseme neno. Wakati ule ule wa dakika 12 na sekunde 30, ambao ni sekunde 750, huandikwa 750,000 katika ID3, kwa kuwa hapo huhesabiwa sehemu za elfu za sekunde. Na katika Matroska huandikwa 750,000,000,000, kwa kuwa hapo huhesabiwa sehemu za bilioni. Tarakimu peke yake haina maana mpaka kipimo chake kijulikane. Wako wanaokiita kipimo hicho "msingi wa wakati", tafsiri ya neno kwa neno isiyomweleza mtu kitu. Walimu wa fizikia wamekwisha kutupa neno kizio. Basi kizio cha wakati chatosha.

Liko jambo la mwisho, nalo lawagusa watumishi wa lugha kuliko wote. Matroska huruhusu kipande kimoja kiwe na majina kwa lugha kadhaa, kila jina likifuatana na alama ya lugha yake. Masimulizi ya mzee wetu yangeweza kuwa na jina la Kiswahili na la Kingoni, bega kwa bega. Lakini kanuni za muundo huo zasema kwamba alama ya lugha isipoandikwa, jina lihesabiwe kuwa la Kiingereza. Maana yake ni kwamba mwalimu akiandika "Masimulizi ya Vita vya Majimaji" na kuiacha nafasi ya lugha wazi, programu inayofuata kanuni italiita jina hilo Kiingereza. Na chombo cha kuwasomea wasioona, kikiiamini alama hiyo, kitalitamka kwa matamshi ya Kiingereza. Hakuna aliyekusudia kutudhulumu. Ukimya wetu wenyewe ndio uliojazwa na lugha ya wengine. Dawa yake ni herufi tatu, swa, zilizokwisha kutengwa kimataifa kwa ajili ya Kiswahili.

Kwa muhtasari, twapendekeza mambo manne:

1. Mlango litumike kwa kipande kilichoandikiwa mwanzo tu.

2. Sura litumike kwa kipande kilichoandikiwa mwanzo na mwisho. Na kipande kilicho ndani ya sura kiitwe sura ndogo.

3. Kizio cha wakati kitajwe kila inapotajwa tarakimu ya mwanzo au ya mwisho.

4. Kila jina la sura au la mlango liandikiwe lugha yake, wala lugha isiachwe ikadiriwe na mashine.

Twajua kwamba baadhi ya wafasiri watasema tumeongeza kazi, kwa kuwa penye neno moja sasa pana mawili. Ni kweli. Lakini istilahi haipimwi kwa wingi wala uchache wa maneno, bali kwa jinsi inavyomzuia mtu asichanganye vitu visivyo sawa. Tunawaomba walimu, wafasiri na watunza kumbukumbu maofisini wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na watakapoona yamepungua, watuandikie, ili tuyatengeneze kabla hayajazoeleka vibaya.