Hayo Mawe Yalijibeba Yenyewe?

Ndugu msomaji, naanza kwa kuungama. Miaka michache iliyopita niliandika insha ya kulisifia Boma la Iringa, nikaisoma mbele ya washikaji kwenye kijiwe chetu hapa Soweto, Mbeya. Kuta nene, ukimya wa kale, baridi ya asubuhi: vyote nilivitia. Nikapigiwa makofi. Mzee mmoja fundi viatu, ambaye kibanda chake kimepakana na kijiwe, akainua kichwa akauliza: "Sasa mwanangu, hayo mawe yalijibeba yenyewe?" Watu wakacheka. Mimi nikakaa kimya, maana sikuwa na jibu.

Insha ile ilikuwa mbovu. Tena si yangu peke yangu. Insha nyingi tunazoandika vijana kuhusu miji ya kikoloni, iwe Iringa, Tanga au Bagamoyo, zina ugonjwa huohuo. Mwandishi anashuka kwenye basi, anatazama jengo, anatazama ngoma, anaandika neno "asili" mara tano, anarudi kwao. Shuleni tulifundishwa kuchambua kitabu kwa fani na maudhui. Tukifika mjini tunabaki na fani tupu.

Kwa hiyo nilirudi Iringa. Kutoka kwetu ni zaidi ya kilomita 300: Igawa, Makambako, Mafinga, hadi Ipogolo, halafu gari linapanda kilima kuingia mjini. Safari hii nilikwenda na swali la mzee mfukoni.

Fani ya Boma haina ubishi, jengo linavutia. Wajerumani walilijenga mwaka 1914 liwe hospitali ya jeshi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaligeuza ofisi za utawala. Mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa. Hospitali, ofisi, makumbusho: ukisoma harakaharaka utadhani jengo hili halijawahi kumkosea mtu. Lakini uliza kama mzee alivyouliza. Jeshi lililokuwa likitibiwa humo lilikuja kumpiga nani? Ofisi zile zilimtawala nani? Maudhui yanaanzia hapo.

Tazama hata majina. Boma ni neno letu, ni ua au ngome, nalo likaja kuwa jina la ofisi ya mkubwa. Iringa nalo linatokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Ngome hiyo haikuwa mjini hapa. Ilikuwa Kalenga, mwendo wa kilomita kama 15, makao ya Mtwa Mkwawa. Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walilipiga jeshi la Wajerumani na kamanda wake, Zelewski, akauawa. Oktoba 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga wakaivunja Kalenga. Kisha wakajenga mji wao juu ya kilima, na jina la ngome waliyoivunja likahamia huko. Jamani, hebu fikiria. Mtu anakuvunjia nyumba, anajenga yake ng'ambo, nayo inaitwa kwa jina la nyumba yako. Halafu mjukuu wako anakuja na kalamu kusifia madirisha!

Mkwawa alijiua Julai 1898 asikamatwe akiwa hai. Fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwataka Wajerumani walitoe, lakini lilirudi 1954, likiletwa na Gavana Twining, nalo likawekwa Kalenga kwenye makumbusho. Kwa hiyo mgeni anayeishia Bomani amefungua kitabu katikati. Sura za mwanzo ziko Kalenga. Na hapa watu wa kalamu walitangulia: tamthilia ya Mulokozi, Mukwava wa Uhehe, ilitoka 1979, miaka 37 kabla Boma halijawa makumbusho. Sasa sisi tunaoandika leo tuna kisingizio gani?

Kuna mtego wa pili. Tukishachoka kusifia mawe tunakimbilia ngoma, tukidhani huko mkoloni hajafika. Chukua mganda, ngoma ya ukanda wa Ziwa Nyasa: mistari iliyonyooka, hatua za gwaride, vibuyu vinavyopulizwa kama tarumbeta. Ndugu zetu wa Malawi wana ya kwao, malipenga. Hizi ni za ukoo mmoja na beni, ngoma iliyoanzia pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi na kwata za wakoloni, ikasambaa bara pamoja na askari na wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918. Je, kwa hiyo si yetu? Ni yetu kabisa. Watu walimwona mkoloni akipiga kwata, wakaichukua, wakaichezea kwa namna yao. Huo ni utunzi. Ukiandika kwamba ni mila isiyoguswa tangu enzi na enzi, unamnyang'anya mtunzi akili yake, kama vile ukiandika Boma bila wabeba mawe unavyowanyang'anya jasho lao.

Namsikia mtu akiuliza, basi tusilisifie Boma? La hasha! Tulisifie, ila tukumbuke kwamba uzuri ule una mikono ndani yake, na mingi haikuwa ya Kijerumani. Mwandishi asiyeitafuta mikono hiyo hajaandika juu ya jengo, ameandika juu ya kivuli chake.

Niliporudi Soweto ndipo nikaona kosa kubwa zaidi. Sisi tunapanda basi kwenda kutafuta historia Iringa kwa sababu tunaamini hapa kwetu kuna mabati na vumbi tu. Kumbe Mbeya nayo ni mji wa kikoloni, ulioanza miaka ya 1920 enzi za Waingereza, wakati watu wakikimbilia dhahabu ya Lupa. Na jina la mtaa wetu je? Soweto ya kwanza ni ya Johannesburg, ambako Juni 16, 1976 wanafunzi waliandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaana, polisi wakawafyatulia risasi. Walikuwa watoto wa shule, na ugomvi wao ulianzia kwenye lugha. Jina hilo limefika hadi Mbeya, tunalitaja kila siku tukimwambia kondakta atushushe, na hakuna hata mmoja wa kijiwe chetu aliyeliandikia shairi. Wajerumani waliondoka na jina la ngome ya watu. Sisi tumepewa jina la watu waliokataa, tukaliacha kituoni.

Insha yangu mpya inaanzia Kalenga, inapita Bomani, inaishia Soweto. Juzi nimemsomea mzee. Alisikiliza mpaka mwisho huku akishona soli, hakusema kitu. Nikamuuliza, "Vipi, Tata, sasa imekaa sawa?" Akakata uzi kwa meno. "Wabeba mawe nimewaona," akasema. "Ila aliyewapikia hujamtaja."

Nimeichukua insha yangu. Narudi kuandika.