Jina la Kilimanjaro na Wafasiri Wake

Msafiri atokaye Taveta kwa njia ya Holili hufika Himo, mahali njia zigawanyikapo: moja yaendelea Moshi, nyingine yapanda Marangu. Asubuhi isiyo na mawingu huuona mlima wote mbele yake, Kibo upande wa kushoto na Mawenzi upande wa kulia. Majina hayo mawili ni ya wenyeji. La tatu, liwezalo kuvichukua vilele vyote viwili pamoja, ndilo lililowasumbua wafasiri tangu katikati ya karne ya 19, na kila mmoja amelivunja mahali apendapo.

Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, alivuka Taita na kuiona theluji tarehe 11 Mei 1848, akaelekea Kilema, nchi iliyo juu ya Himo. Kiongozi wake alipoulizwa ule weupe ni nini alijibu neno moja tu: baridi. Jibu hilo lilikuwa sahihi kuliko mengi yaliyoandikwa baadaye. Huko London, W. D. Cooley, mtu aliyependa kupima habari za Afrika kwa asili za maneno, aliikanusha theluji katika kitabu chake cha 1852, wala hakuwa ameliona hata bonde moja la Uchagga. Yafaa kumkumbuka, maana kosa lake la kuliamini neno kuliko kinywa kilichosema halikufa pamoja naye.

Mwenzake Rebmann, Ludwig Krapf, katika kitabu cha safari zake kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1860, alitoa maana mbili: mlima wa ukuu, na mlima wa misafara. Joseph Thomson, mwaka 1885, alisema njaro ni weupe, neno lililokwisha kusahauliwa pwani. H. H. Johnston, mwaka uliofuata, alisema Njaro ni pepo aletaye baridi. Wengine wamelitafuta katika Kimasai, kwa neno la maji. Wengine katika Kichagga, wakiunganisha neno la kushindwa na neno la safari, yaani mlima uushindao msafara. Mwaka 1965 J. A. Hutchinson alizikusanya rai nyingi za namna hii katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Maana ya ukuu haina shina. Hakuna neno la Kiswahili linalojulikana ambalo kwalo njaro ni ukubwa. Maana ya weupe inapendeza kwa kuwa Wamasai huuita mlima huu Ol Doinyo Oibor, na Wakamba nao waliuita kwa weupe wake. Lakini mataifa hayo yalitumia maneno yao yenyewe ya weupe, wala hakuna lifananalo na njaro. Na neno linalodaiwa kusahauliwa haliwezi kuwa shahidi. Pepo wa Johnston ana udhaifu huo huo. Maana ya Kichagga ina werevu zaidi, na jina la Kilema lililo karibu huvuta akili iende huko. Hata hivyo mfanano wa sauti si ushahidi, na Wachagga, kwa habari za wasafiri wa zamani, walikuwa wakitaja vilele, si mlima mzima. Aishiye mgombani mteremkoni ana haja gani ya jina la mlima mzima? Jina la namna hiyo humfaa autazamaye toka mbali: mtu wa pwani, mpagazi, mfanya biashara ya pembe.

Hapa ndipo maana ya misafara ya Krapf, ambayo wengi wameipita haraka, inapostahili kurudiwa. Wapagazi wengi wa njia ya Mombasa walikuwa watu wa Rabai na Giriama, na katika lugha zao charo ni safari. Hata leo Charo ni jina la mtu huko. Wakamba nao walikuwa wafanya biashara wakubwa wa njia hizo. Wafasiri wengi wamejikwaa kwenye neno kilima, wakiuliza inawezekanaje mlima ulio mrefu kuliko yote Afrika, mita 5,895, uitwe kwa neno dogo. Swali hilo ni la mtu ajuaye Kiswahili sanifu peke yake. Kwa Mkamba kiima ni mlima wenyewe, na kwa Mkikuyu kirima vile vile. Ki- hapo haipunguzi kitu. Wala kukosekana kwa cha baina ya maneno mawili si kizuizi, kwa kuwa majina ya mahali huiacha mara nyingi, kama katika Kilimatinde na Kilimahewa.

Yasalia neno moja gumu. Charo haina sauti ya nj, na hakuna aliyeonyesha njia iliyoipitisha charo hata ikawa njaro. Krapf aliandika jaro, akapita. Kamusi za lugha za Wamijikenda, za Wataita na za Wakamba ndizo zinazopasa kusomwa upya kwa ajili ya sauti hiyo, pamoja na majina ya vituo vya zamani toka Rabai hata Taveta, kabla ya kuifungua tena kamusi ya Kiswahili sanifu.