Mwana wa Mfalme na Watumwa Wasio na Majina

Hadithi ya Oroonoko, aliyoitunga bibi wa Kiingereza Aphra Behn ikachapwa mwaka 1688, husifiwa kuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya lugha hiyo kumwonea huruma mtumwa. Sifa hiyo yataka kupimwa. Oroonoko ni mjukuu wa mfalme wa Coramantien, Afrika ya Magharibi. Nahodha Mwingereza amwalika chomboni, amtia pingu, amwuza Surinam. Mtungaji aeleza uzuri wake kwa kirefu, hata pua yake yasifiwa kwa kuwa ni ya Kirumi, si ya Kiafrika.

Pana mahali pasipostahili kupitwa upesi. Oroonoko afikapo shambani, watumwa wamtambua: ndiye aliyewauza wengi wao. Nao wamwangukia miguuni kwa heshima! Mtungaji haoni ajabu. Baadaye uasi anaouongoza washindwa, wafuasi wake wasalimu amri, naye asema aona haya kwa kutaka kuwapa uhuru watu ambao kwa asili yao ni watumwa. Watu hao, waliokabili mijeledi huku wake na watoto wao wapo papo hapo, hawapewi neno la kujibu.

Asomaye kitabu hiki Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, anacho kipimo karibu. Sayyid Barghash alipokubali mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wa kukataza watumwa wasisafirishwe baharini, misafara ya Kilwa iligeukia nchi kavu, ikafuata pwani hiyo kwenda kaskazini, hata matangazo ya 1876 yalipoikataza njia hiyo nayo. Waliopita kwa minyororo hawakuwa wana wa wafalme. Kwa kanuni ya Behn, nani angewalilia?

James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyekombolewa, alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Kitabu hicho chamsifu Mwingereza kupita kiasi, na kwa ufundi wa kusimulia hakimfikii Behn. Walakini watu wake ni wanavijiji walionyakuliwa makwao, wakaokolewa na manowari, wakakaa Freretown, Mombasa. Wala Mbotela hamwulizi hata mmoja wao ukoo wake kabla ya kumhurumia.