Nambari ya Simu ya Mganga

Kwenye nguzo ya stima karibu na steji ninapopandia matatu kuna kibao kilichogongewa msumari. Mganga. Anarudisha mpenzi, anaondoa mikosi, anatafuta mali iliyoibwa. Chini ni nambari ya simu, na hakuna mpita njia anayeshangaa. Mwenye shida atapiga, ataambiwa bei, atatuma kwa M-Pesa. Salio lisipotosha, dawa haitoki.

Hukikumbuka kibao hicho kila ninaposoma fantasia za waandishi wetu chipukizi. Humo uchawi na teknolojia huishi kama wake wenza waliokosana, kila mmoja na boma lake. Sura tatu za mizimu, halafu ghafla droni inatua. Hirizi imeelezwa hadi tunachoka: damu ya mnyama gani, mwezi ukiwa wapi. Lakini simu? Inafanya kazi tu. Chaji haiishi, mtandao haupotei, hakuna anayekosa pesa za bando. Sasa hapo muujiza ni upi?

Mara nyingi waandishi hushauriwa waupe uchawi sheria na gharama. Sawa, na wapo waliofanya hivyo vizuri mno. Katika Fullmetal Alchemist, katuni ya Mjapani Hiromu Arakawa iliyoanza 2001, ndugu wawili wanajaribu kumfufua mama yao kwa alkemia. Edward anapoteza mguu, kisha anatoa mkono ili kuinasa roho ya mdogo wake ndani ya vazi la chuma. Anawekewa viungo vya mashine, na hapo ndipo Arakawa ananifurahisha: viungo hivyo huvunjika, huhitaji fundi, na fundi mwenyewe, Winry, hukasirika akiona kazi yake imeharibiwa. Deni la uchawi linalipwa gereji.

Lakini unaweza kuwa na kanuni hamsini na bado msomaji asiamini, manake hajui ni nani katika ulimwengu huo anataka nini, na nani anamwogopa nani. Ngũgĩ wa Thiong'o alilijua hilo. Katika Mũrogi wa Kagogo, alichokiandika kwa Kikuyu na kukitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza mwaka wa 2006, Kamĩtĩ ni msomi asiye na kazi. Usiku mmoja akikimbizwa na polisi, anatundika ilani ya kubuni kwamba hapo anaishi mchawi hatari. Askari anaisoma, anatetemeka. Baadaye anarudi, si kumkamata, bali kuomba dawa ya kupandishwa cheo! Kamĩtĩ anajikuta mganga kwa lazima. Anatumia kioo. Hatupewi fomyula yoyote. Tunapewa tamaa ya askari, na askari huyo, jameni, tunamjua.

Upande wa pili, Machokali amekwenda hospitalini London kupanuliwa macho ili awaone maadui wa Mtawala popote walipojificha. Sikiokuu, kwa wivu, ameenda Paris kuongezwa masikio. Hiyo ni kazi ya madaktari na visu, sayansi tupu, na bado hakuna urogi unaotisha zaidi ya huo kitabuni. Kioo cha mganga, kwa upande wake, kinafanya kazi inayokaribia ushauri nasaha: mteja anaulizwa anamwogopa nani, anamtazama, anatoka amepumua. Ngũgĩ amewabadilishia hawa wawili nguo.

Mabadilishano hayo yana uzito kwetu. Tukiweka mizimu kijijini na mitambo mjini, tunachora tena ramani tuliyochorewa na wengine, eti uchawi ni wetu na mashine ni zao. Mwandishi wa Nairobi anayefanya hivyo hajaitazama hata nguzo ya stima iliyo mtaani kwake.

Siwezi kusema kitabu hakina kasoro. Ni kirefu, na Mtawala anapovimba huko New York alikokwenda kutafuta mkopo, mzaha unavutwa mpaka unalegea. Niliposoma mara ya pili niliruka kurasa. Lakini hata hapo kuna jambo la kuonea wivu. Madaktari wa Marekani wanashindwa na mgonjwa, basi mganga anasafirishwa kwa ndege hadi kwake. Ningependa kusoma mswada wa chipukizi unaothubutu kuandika hivyo, kisha uendelee na hadithi yake bila kunifafanulia kitu.