Boneti nyeusi, mwili mwekundu

Anayeendesha kutoka Tinde kwenda Kahama saa kumi na moja jioni analijua vizuri jua la usoni. Likishateremka hadi usawa wa macho, hata kofia haisaidii. Na kama boneti imepigwa polishi ikawaka, dereva huyo anapigwa na majua mawili, moja la mbinguni na jingine linaloruka kutoka kwenye bati lililo mbele yake.

Magari ya Datsun 240Z yaliyoingia katika East African Safari Rally ya mwaka 1971 yalikuwa na dawa ya jua hilo la pili. Mwili ulikuwa mwekundu, boneti nyeusi isiyong'aa. Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, alishinda mwaka ule akiwa na msoma ramani wake Hans Schüller. Nyuma yao, katika gari la aina hiyo hiyo, walikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Mike Doughty. Mwaka 1973 Mehta naye akashinda kwa 240Z, baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Sweden. Tangu hapo mpangilio ule wa rangi mbili umeigwa duniani kote, na wengi wanaouiga hufufua wekundu tu. Boneti nyeusi wanaipaka kama pambo, tena wanaing'arisha.

Hapo ndipo penye kosa. Weusi peke yake hautoshi. Bati jeusi linalong'aa ni kioo: sehemu kubwa ya mwanga inazama ndani, lakini ule kidogo unaorudi unarudi kwa mstari mmoja, moja kwa moja machoni. Bati jeupe lisilong'aa nalo linatawanya mwanga pande zote, ila mwanga wenyewe ni mwingi mno, na dereva anaendesha akiwa amekunja uso kutwa nzima. Kinachotakiwa ni mambo mawili kwa pamoja: rangi inayomeza mwanga, na uso wenye ukwaruzo mdogo usioonekana, unaotawanya mabaki yake. Ukwaruzo huo watengenezaji wa rangi huupata kwa kuchanganya unga laini wa silika. Rangi inapokauka, vichembe vya unga vinachomoza kama changarawe ndogo sana, na mng'ao unakufa.

Faida hiyo ina gharama. Boneti ya namna hiyo haipigwi polishi, maana polishi husawazisha vilima vile vidogo na kuacha mabaka yanayong'aa. Tone la oili likidondoka wakati wa kukagua injini linaacha doa sugu. Juani inachoma mkono. Kwa gari la mashindano, mambo hayo hayakuwa na uzito. Lilitakiwa limfikishe dereva mwisho akiwa anaona, na lingepakwa upya kabla ya safari nyingine. Kwa gari la mtu wa Shinyanga anayetaka kulitoa Jumapili na kulifuta kwa kitambaa, ni jambo la kufikiria mara mbili.

Kwa nini nyekundu, basi? Katika mashindano ya maelfu ya kilomita, yaliyozoeleka kufanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameshika kasi, gari lazima lionekane. Linapaswa kuonekana na fundi anayelisubiri kando ya njia, na mpiga picha aliyejificha nyuma ya mchongoma, na dereva wa basi anayetokea upande wa pili ndani ya vumbi. Nyekundu huchomoza juu ya kijani cha masika kuliko rangi nyingi. Huo unaonekana kuwa uamuzi wa kiufundi uliovaa nguo ya urembo.

Gari lililouzwa dukani lilikuwa jambo jingine kabisa. 240Z ilitangazwa mwezi Oktoba 1969, ikiwa na injini ya silinda 6 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na katika orodha ya rangi zake kulikuwa na majina mawili ambayo msomaji wa Tanzania lazima atabasamu akiyasikia: Kilimanjaro White, namba 904, na Safari Gold, namba 920. Mlima wetu na mashindano ya kwetu viliuzwa ndani ya kopo la rangi kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga Moshi wala kula vumbi la Dodoma. Nyeupe ile ni nyeupe ya kawaida isiyo na vumbi la metali. Dhahabu ile ina vipande vidogo vya metali ndani yake, na hilo, kama tutakavyoona, linabadilisha hesabu yote kwa mtu aliye mbali na duka kubwa la rangi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayefufua gari la michezo la zamani linahusu gari lenyewe kabla ya kuhusu rangi. Je, anafufua lililoshinda Safari au lililotoka dukani? Mwaka 2013 klabu ya wafanyakazi wa Nissan, watengenezaji wa Datsun, wanaofufua magari ya kampuni ilirudisha gari la Herrmann katika hali ya mashindano, na kwa gari lile rangi mbili ni haki yake. Gari lililozaliwa na namba 920 kisha likavalishwa nyekundu na nyeusi limevaa sare ya jeshi ambalo halikulitumikia. Si dhambi. Ila mwenye gari aseme wazi kwamba ni mfano.

Namba ya rangi ikishapotea, rangi ya kuzaliwa hutafutwa mahali ambapo jua na mafundi wa zamani hawakufika: chini ya kapeti, nyuma ya ubao wa mlango, ndani ya kishimo cha kujazia mafuta. Fundi anachukua msasa laini wa maji na kusugua polepole kwa mduara. Tabaka zinafunguka kama pete za shina la mti, na ya chini kabisa juu ya praima ndiyo rangi ya kiwandani. Njia ya kuepuka ni picha. Picha nyingi za karatasi za miaka ya 1970 zimepoteza wino wake wa bluu-kijani kwa umri, kwa hiyo kila kitu ndani yake kimeelekea wekundu. Anayepeleka picha ya namna hiyo kwa mchanganya rangi anaagiza nyekundu ya karatasi iliyozeeka.

Sasa tuje kwenye udongo, maana katika ukanda wa Shinyanga na Geita udongo nao hupaka rangi.

Wasukuma wana majina ya udongo kwa kadiri ardhi inavyoshuka kutoka mlimani hadi bondeni: luseni wa mchanga mwepesi, ibambasi mgumu kama sakafu, mbuga mweusi unaonata. Shinyanga kwa sehemu kubwa ni nchi ya hao wa chini. Tope la mbuga likikauka juu ya bati linageuka kijivu cha majivu, na juu ya gari jekundu kila tone linasomeka kama herufi. Ukielekea Geita, mambo yanageuka. Dhahabu ya huko imelala kwa kiasi kikubwa ndani ya miamba yenye tabaka za chuma, na chuma hicho kikilika kwa hewa na maji kinatoa ule udongo mwekundu wa changarawe unaoingia hadi kwenye kola ya shati. Juu ya gari jekundu vumbi la Geita halionekani kama uchafu. Gari linafifia tu. Juu ya Kilimanjaro White linaacha weupe wenye rangi ya embe bivu, hasa kwenye mikunjo ya milango. Safari Gold ndiyo inayopatana na udongo wote wawili. Ingekuwa hesabu ya vumbi peke yake, dhahabu ingeshinda.

Kichekesho ni kwamba kinachopaka barabara za Geita wekundu ndicho kilichomo kwenye kopo la redi oksaidi ambalo mafundi hupaka mageti: oksidi ya chuma. Hiyo haichujuki juani hata ikae miaka. Lakini ni nyekundu ya matofali, na nyekundu angavu ya gari la michezo haipatikani kwake. Hutengenezwa kwa chembe nyingine za kemikali, angavu zaidi na dhaifu zaidi mbele ya jua. Ndiyo maana magari mekundu ya zamani yaliyolala nje hugeuka waridi na kutoa unga yakisuguliwa kwa kidole.

Waridi ni rangi yenye heshima Shinyanga, ila mahali pengine. Almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, katika mgodi wa John Williamson, ilikatwa ikawa ya karati 23.6, kisha masonara wa Cartier wakaiweka katika bruchi ya Malkia Elizabeth II mwaka 1953. Mwaka huo huo Safari ilikimbiwa kwa mara ya kwanza, kusherehekea kutawazwa kwake. Kwenye boneti, waridi ni maradhi.

Nyekundu angavu ina tabia nyingine inayowatoa jasho mafundi: haizibi vizuri. Mwanga unapenya hadi praima na kurudi na habari zake. Kopo lile lile likipigwa juu ya praima nyeusi linatoa wekundu wa damu iliyoganda, juu ya nyeupe linaelekea chungwa. Kwa hiyo praima ya mwili mzima lazima iwe ya kijivu kimoja, pamoja na zile sehemu zilizojazwa puti. Vinginevyo kila kiraka kitachungulia.

Dhahabu ya metali ina mtego wake. Vipande vyake hulala kufuatana na mwendo wa mkono, umbali wa bomba la kupulizia na wingi wa thina. Mlango ukikwaruzwa na toroli sokoni Kahama na kupakwa peke yake, utaonekana sawa kutoka mbele na mweusi zaidi ukiutazama kwa pembeni. Rangi zisizo na metali husamehe. Kwa gari litakaloishi kati ya Shinyanga na Geita, na litakalokwaruzwa tu, uchambuzi huu unaelekea kwenye 904, vumbi la embe likiwa sehemu ya mkataba.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mafundi wengi hulikosa kwa nia njema. Rangi zisizo na metali za enzi zile zilipigwa bila kliya, yaani tabaka la juu lisilo na rangi. Kliya ya kisasa huongeza kina kama cha kioo, na gari la 1971 linaonekana limetoka dukani jana. Rangi ya tabaka moja yenye haadena yake inatoa mng'ao ulio karibu zaidi na ule wa asili, na ikipauka inaweza kusuguliwa.

Chaguo lolote, lipimwe kwanza kwenye vipande vya bati. Vitatu vinatosha, vikitazamwa saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, na chini ya taa ya gereji, kwa sababu rangi mbili zinazofanana juani zinaweza kuachana chini ya taa.

Na anayeng'ang'ania boneti nyeusi ya Herrmann ajipange kwa mkono mmoja usiosimama. Rangi isiyong'aa haina kiraka wala polishi ya kufichia. Inapulizwa alfajiri kabla upepo haujaamka, sakafu imemwagiwa maji, magazeti yamefunika mwili mwekundu, kutoka ukingo hadi ukingo kwa mara moja. Inzi akitua, boneti nzima inarudi kwenye msasa.